Mivule Iliyokuwa Mbali na Waya

Tulimzika Masatu huko Kibara mwaka huu, katikati ya masika, na mchungaji akasema uongo mbele ya jeneza lake. Sisemi kwamba mchungaji ni mtu mbaya. Ni kijana, amehamishiwa pale majuzi tu, na alisema alichoambiwa na watu ambao nao waliambiwa na wengine. Alisimama chini ya turubai, akafuta jasho, akasema marehemu ni mfano wa mtu aliyepotea akarudi, kwamba ujanani aliiba magogo ya serikali kule milima ya Butiama akawekwa ndani, na humo ndani ndimo alimokutana na Bwana. Watu wakaitika amina. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wa ukoo wake, miguu imekufa ganzi, na nikasikia damu inanipanda mpaka masikioni. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, "Mchungaji, samahani, huyu mtu hakuiba hata kijiti." Mama mmoja akanivuta kitenge. "Kaa, dada, tuko msibani." Mchungaji akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mfiwa aliyechanganyikiwa, akaomba kwaya iimbe. Kwaya ikaimba. Nami nikakaa, kwa sababu jeneza lilikuwa pale na watoto wake walikuwa wananitazama. Lakini sikunyamaza moyoni, na sijanyamaza mpaka leo.

Mwaka ninaotaka kuueleza ni ule niliokuwa na miaka ishirini, shule imenishinda mlangoni, nikachukua kibarua cha kufyeka miti chini ya nyaya za umeme. Laini ilikuwa inapita juu ya msitu wa serikali milimani, na kwa muda mrefu hakuna aliyeigusa miti iliyokuwa chini yake. Kila upepo mkali ulipovuma tawi lilianguka juu ya waya, na Butiama yote ikalala gizani, mashine za kusaga zikasimama, samaki wa watu wakaoza kwenye mafriji. Basi akapatikana mkandarasi, mtu mmoja aliyeitwa Sospeter, mnene kiasi, mwenye sauti ya upole na gari jeupe ambalo lilikuwa halishiki vumbi, sijui aliliosha saa ngapi. Alikuja Manyamanyama, pale Bunda mjini, kutafuta vibarua. Wanaume aliwapa mashoka na mapanga. Sisi wanawake wachache alitwambia tutapika, lakini haikupita wiki tukapewa na mafyekeo, maana vichaka vilikuwa vingi kuliko masufuria.

Siku za kazi tulilala kambini, kwenye mahema karibu na msitu. Jumamosi mchana gari lilitushusha Manyamanyama, ambako Sospeter alikuwa amepanga vyumba nyuma ya nyumba ya Bi Mwajuma, fundi cherehani. Navikumbuka vyumba vile kuliko nyumba nilizokuja kuishi baadaye. Kilikuwa kwanza chumba kimoja kikubwa, kikagawanywa kwa hadibodi, upande mmoja wanawake, upande wa pili sebule ambamo bosi alipokelea wageni wake. Hadibodi yenyewe ilikuwa nyembamba hivi kwamba mtu akikoroga chai upande wa pili ulisikia kijiko. Bati lilikuwa la moto mchana kutwa. Palinuka mafuta ya cherehani na vitambaa vipya, na kila Ijumaa iliyotukuta mjini palinuka pilau, kwa sababu Bi Mwajuma hakukubali mtu akae nyumbani kwake siku hiyo akala ugali. "Nyinyi ni Wakristo, sawa," alisema, "lakini tumbo halina dini. Njooni mle, wanangu."

Masatu ndiye aliyekuwa fundi wetu wa chenso, ule msumeno wa mnyororo unaopiga kelele mpaka meno yanauma. Alikuwa Mjita wa Kibara, mrefu, mweusi tii, mzito wa kuzungumza. Alikulia kwenye mitumbwi na aliacha ziwa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, alichoka kununuliwa samaki kwa bei ya mtu mwingine. Alikula furu kwa utaratibu wa ajabu. Wale samaki wadogo wana miiba mingi, sisi wengine tulitema na kukohoa, lakini yeye aliondoa mfupa mzima kwa vidole viwili, akauweka ukingoni mwa sahani, akaendelea na ugali wake wa udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa. Nilimpenda kama kaka. Nayaandika haya kwa sababu baadaye niliulizwa sana nilikuwa nani wake.

Kazi ilikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto angeielewa. Njia iliyo chini ya nyaya huitwa mkuza, na mkuza una mipaka. Watu wa umeme na watu wa misitu walipita kabla yetu, mwanzoni mwa kiangazi, wakapaka rangi nyekundu kwenye kila mti uliotakiwa kuondoka. Mti wenye rangi unakatwa. Mti usio na rangi ni wa serikali, usiuguse. Matawi na vijiti tuliwaachia wanakijiji wachukue kuni, magogo makubwa tuliyalundika yakawasubiri watu wa misitu. Wanawake wa kijiji kilicho chini ya msitu walitufurahia kwa zile kuni. Aliyekuwa mbele yao ni bibi mmoja, Nyamburi, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, aliyetuletea uji wa mtama kwenye ndoo na kutuita wana wa umeme. Yeye ndiye aliyetuonyesha chemchemi. Ilikuwa bondeni, mbali kabisa na laini, imezungukwa na mivule mikubwa ambayo watu watatu wakishikana mikono hawaizunguki. Chini yake palikuwa na ubaridi kama ndani ya kanisa. "Hapa ndipo tunachotaga maji," alisema Bibi Nyamburi. "Hata mwaka ule wa njaa haya maji hayakukatika. Miti ndiyo inashikiliaga maji." Sospeter alikuwepo siku ile. Alitazama juu, akazunguka mvule mmoja polepole, akaupiga kofi mara mbili kama mtu anayempiga ng'ombe mnadani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimejilaza chumbani Manyamanyama, kichwa kinaniuma. Upande wa pili wa hadibodi Sospeter alikuwa anakunywa chai na mtu wa mbao kutoka Musoma. Sikutega sikio. Hakukuwa na haja ya kutega.

"Lakini hiyo mivule iko bondeni," mgeni alisema. "Laini iko juu huko."

"Rangi ninayo kwenye gari."

"Na watu wa kijiji?"

Nikamsikia Sospeter anapuliza chai yake. "Unawaambia ni umeme. Ukishasema umeme, kaka yangu, kila mtu ananyamaza."

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, nimesikia wakubwa wakisema mengi kwenye majukwaa, lakini sijasikia maneno yaliyonikasirisha kama yale. Kwa sababu yalikuwa ya kweli. Watu wetu waliutaka umeme kwa moyo wote. Waliusubiri, waliuombea. Mtu akija na neno hilo mdomoni walimpisha njia, walimpa uji. Na yule bwana aliketi juu ya kochi la Bi Mwajuma akaipima imani yao jinsi alivyoupima ule mti, kwa kofi.

Jioni hiyo nilimweleza Masatu. Aliacha kula. Akaniuliza kama nina uhakika, nikamwambia nina uhakika kama ninavyomwona. Akanawa mikono bila kumaliza chakula, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya.

Jumatatu tukapelekwa bondeni. Mivule yote iliyozunguka chemchemi ilikuwa na rangi nyekundu, inang'aa, mingine imechuruzika mpaka kwenye mizizi. Sospeter alisimama kando ya gari. "Masatu, anza na huu."

Masatu akaugusa mti, akakitazama kidole chake. "Bosi, hii rangi ni mbichi."

"Kwa hiyo?"

"Yetu ilipakwa mwanzo wa kiangazi. Hii hawakupaka wale."

"Wewe nimekuajiri ukate au ukague?"

"Umeniajiri kukata mkuza, bosi. Hapa si mkuza." Akaiweka chenso chini kwenye majani, taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Hakupandisha sauti. Ni mimi niliyepandisha. Nilisema mbele ya wote kwamba nilisikia maneno yake na mgeni wake Jumamosi, rangi iko kwenye gari, na kama ni uongo basi afungue gari tuone. Vibarua wenzetu wakatazama chini. Siwalaumu sana, walikuwa na watoto. Sospeter alicheka kidogo, akasema mimi na Masatu tupande gari turudishwe Manyamanyama, kazi yetu imekwisha, na kwamba yeye hafanyi kazi na watu wenye ndoto za mchana. Tulipokuwa tunaondoka tuliona gari lingine linaingia kutoka upande wa Musoma, limebeba mafundi tusiowajua na chenso zao.

Masatu akarudi Kibara kwa ndugu zake. Mimi nilibaki kwa Bi Mwajuma, namsaidia kushona vifungo. Nilikwenda kwa mtu mmoja wa misitu nikamweleza. Alinisikiliza akiwa anachezea simu, akasema watafuatilia. Walipofuatilia, mivule ilikuwa imeshalala na kuondoka. Nilisimuliwa baadaye, kesi ilipokwisha, jinsi wanawake walivyoteremka na ndoo zao wakakuta jua limejaa mahali ambapo halikuwahi kufika. Bibi Nyamburi alimwendea Sospeter aliyekuwa amekaa kwenye gari lake, akamuuliza, baba, nyaya ziko huko juu, hapa mnakata nini? Naye akamjibu, kwa ile sauti yake ya upole, kwamba mizizi ya mivule huvuta umeme chini kwa chini, na siku moja wangekufa wote wakichota maji. Alimwambia hivyo bibi wa watu. Na bibi akashukuru! Akashukuru, akarudi nyumbani na ndoo yake.

Lakini mambo hayakutulia, maana magogo ya mvule si kitu cha kuficha chini ya nguo, na maswali yakaanza. Hapo ndipo Sospeter alipobadilisha wimbo. Akasema yeye hajui chochote, kuna fundi mkorofi ambaye yeye alimfukuza kazi, anaitwa Masatu, na huyo alirudi kwa siri na chenso akaikata mivule kwa hasira na tamaa. Polisi wakamfuata Masatu Kibara. Wakamkuta mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, anatengeneza wavu wa shemeji yake, wakamfunga pingu mbele ya watu wote aliokua nao. Kisha wakampitisha kwenye kijiji cha chemchemi, juu ya gari la wazi, ili aonyeshe alikokata. Wanawake walikuwa wamejipanga barabarani. Wao walikuwa wanamfahamu huyu mmoja tu kwamba ndiye mtu wa chenso. Bibi Nyamburi alimrushia tope. "Mwizi! Tulikupa uji! Umetuua, mwizi wewe!"

Alikaa mahabusu Musoma tangu mwisho wa kiangazi mpaka vuli ilipokolea. Bi Mwajuma alipika, nami nikapeleka. Kwenye chumba kile cha kuonana palikuwa na benchi moja na dirisha la nondo, na askari alinitaka nionje kila chakula kabla hajakipokea, hata maji. Masatu alikonda. Kikohozi kikamwanza, kile ambacho kwa maoni yangu hakikuwahi kumwacha mpaka kilipomzika mwaka huu. Hakuwahi kuniuliza atatoka lini. Kila nilipokwenda aliniita kwa jina langu, akauliza kitu kimoja, "Wanasemaje kule kijijini, Wakuru?" Nikimwambia wanasema yeye ndiye aliyekata, aliinamisha kichwa akatafuna polepole.

Nilizunguka maofisi mwaka ule mpaka viatu vikafunguka midomo. Kila mlango swali lilikuwa moja.

"Wewe ni nani wake? Mke?"

"Hapana."

"Dada yake?"

"Hapana. Tulifanya kazi pamoja. Nilikuwepo alipokataa kukata."

"Sasa kama si mke wala dada, shida yako ni nini? Nenda nyumbani, binti."

Shida yangu ni nini! Kana kwamba ukweli ni mali ya ukoo, lazima urithi ndipo uruhusiwe kuusema. Siku moja nilirudi kwa Bi Mwajuma nikakaa sakafuni nikalia. Akaiacha cherehani yake, akanifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare za shule. "Lia, mwanangu, umalize," alisema. "Halafu kesho urudi huko huko. Wakuchoke wao, usichoke wewe."

Kesi ilipofika kwa hakimu, mama mmoja mwenye miwani na sauti ndogo, Masatu aliomba jambo moja tu. "Mheshimiwa, naomba twende kule. Mkaone mahali penyewe." Sospeter, ambaye alikuja kama shahidi akiwa na shati jeupe, hakulipenda ombi hilo, nilimwona. Hakimu akakubali. Basi mahakama ikapanda magari ikaenda msituni, karani, askari, mshtakiwa na sisi mashahidi, tukateremka bondeni kwenye matope. Visiki vilikuwa pale, vipana kama meza za harusi, vimeanza kuota uyoga. Hakimu akasimama katikati yao, akageuza uso juu, akazunguka pande zote.

"Waya uko wapi?" akauliza.

Karani akanyoosha kidole kule mbali juu ya kilima, ambako nguzo zilionekana ndogo kama njiti.

Nikatoa ushahidi wangu nimesimama kwenye majani, nikasema nilichosikia na nilichoona, rangi mbichi na yote. Sospeter alitikisa kichwa kwa masikitiko, kama mzazi anayesikia mtoto akisema uongo. Kisha hakimu akawageukia wanawake wa kijiji waliokuwa wamekusanyika pembeni, akamwita Bibi Nyamburi, akamuuliza siku miti inaanguka yeye alikuwa wapi.

"Nilikuwa hapa hapa, mama. Nilikuja kuchota maji."

"Ulimwona nani?"

"Mafundi wenye chenso. Walivaa kofia ngumu, sura sikuziona vizuri. Niliambiwa mmoja wao ndiye huyu."

"Uliambiwa. Na nani mwingine alikuwepo?"

"Si huyu bosi?" Akamnyooshea Sospeter mkono bila woga wowote, kwa sababu hakujua kwamba kuna la kuogopa. "Alikuwa amekaa kwenye gari pale anakunywa soda. Nilimuuliza mbona mnakata, akanijibu ni umeme, mizizi inavuta umeme."

Hakimu akavua miwani. "Bibi, ulishawahi kumwambia mtu jambo hili?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Niliuona uso wa bibi unabadilika kidogo kidogo, kadiri alivyoyasikia maneno yake mwenyewe. Kama mtu alirudi kukata kwa wizi, kwa siri, bosi alikuwa anafanya nini pale na soda yake? Uongo wa kwanza, ule wa umeme, ulikuwa umeukaba koo uongo wa pili. Bibi Nyamburi akamtazama Masatu, aliyekuwa amesimama na pingu kati ya askari wawili, akafunika mdomo kwa kanga.

Masatu aliachiwa. Hakimu alisema hana hatia, akaelekeza uchunguzi uendelee juu ya wahusika wengine. Haukuendelea. Nasema haukuendelea, na atakayenibishia anionyeshe. Sospeter aliondoka na gari lake lisiloshika vumbi, na muda si mrefu nikasikia amepata kazi nyingine ya kufyeka mkuza, sehemu nyingine, msitu mwingine wa umma. Mtu wa Musoma aliendelea kuuza mbao. Sijui ni vitanda vya nani vilivyotengenezwa kwa ile mivule, lakini natamani wanaovilalia wajue chemchemi ile sasa hujaza ndoo moja kwa muda ambao zamani ulitosha kumaliza foleni. Na fundi aliyekataa kukata ndiye aliyezikwa kwa jina la mwizi.

Siku alipoachiwa nilimpokea Masatu nje ya mahakama nikiwa na shati alilopewa na Bi Mwajuma, jipya, limeshonwa kwa kukadiria, mabega yakampwaya kwa jinsi alivyokonda. Nilidhani atataka kula, au kulala. Akasema anataka kwanza kupita kijijini. Tukaenda. Foleni ilikuwa ndefu pale chemchemi, ndoo zimepangwa juani kati ya visiki. Watu walipomwona wakasogeza ndoo zao. Bibi Nyamburi alitoka kwenye foleni, akamshika mkono, akamvuta mpaka mbele kabisa. Alisema kwanza kwa Kizanaki, lugha yao, kwa watu wake, kisha akarudia Kiswahili ili Masatu asikie.

"Huyu nilimwita mwizi mbele yenu. Sasa nasema mbele yenu. Hakukata. Alikataa kukata, wakamfunga. Mwenye masikio asikie, akawaambie na walioko shambani."

Akachota maji kwa kibuyu, akampa kwa mikono miwili akiwa amepiga goti, yeye mtu mzima mbele ya kijana. Masatu alijaribu kumwinua, akashindwa, naye akapiga goti, wakawa wote wawili wako chini kwenye tope. Alikunywa yote. Akasema, "Asante, mama." Halafu akanigeukia, akaniuliza gari la Kibara linapita saa ngapi Bunda, maana alitaka tufike kungali mchana, watu wamwone anavyoingia. Tulifika jua likiwa bado juu. Palikuwa na njia ya mkato nyuma ya nyumba, lakini hakuifuata. Alitembea katikati ya barabara, amenyoosha mgongo, akimsalimia kila mtu kwa jina.